Ombi la Kupewa Homa ya Mafua

Élisabethville, 17 Oktoba 1957

Kwa Bwana Daktari Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Edouard Mwaba, muuguzi wa dispansari ya kambi ya wafanyakazi, mwaka wa tisa kazini. Nakuandikia kwa masikitiko kwamba homa hii ya mafua, ambayo kwa wiki tano imeangusha karibu kambi nzima, mimi imenipita. Naomba unisaidie niipate.

Tafadhali usidhani nimerukwa na akili. Sababu zangu ni hizi:

1. Mgonjwa wa mafua hupewa tikiti ya mapumziko ya siku tano. Hulala kitandani kwake, mkewe humletea uji, majirani huja kumpa pole. Mimi niliye mzima sijapumzika hata Jumapili moja. Afya imeniponza.

2. Daktari Clément, niliyekuwa nikifanya naye kazi, alichoka. Asubuhi moja alifika na gari lake, akazima injini, akabaki ameshika usukani mpaka saa sita mchana. Nilimhurumia, na bado namhurumia, maana ni mtu mwema. Ulimwandikia kwamba ana *surmenage*, yaani uchovu wa kazi, ukampeleka Kilwa ya huku kwetu akatazame ziwa. Wiki iliyofuata nami nilikaa katika chumba cha dawa, nimeshika chupa ya aspirini, mpaka saa sita mchana. Nilipokuarifu, ulisema ugonjwa wangu unaitwa uvivu. Nimepekua kabati zima. Dawa ya uvivu haimo, na tikiti yake haijachapishwa. Ndiyo maana naomba mafua tu, ambayo hata sisi weusi tunaruhusiwa kuugua.

3. Nyumbani mambo yameharibika. Mke wangu Delphine akinipa mkono, nampima mapigo. Juzi alipaliwa na pilipili mezani, akakohoa. Nikamwambia apumue kwa nguvu, kisha nikaita anayefuata. Akanijibu, "Mi niko bibi yako, hapana mugonjwa yako!" akaenda kula bukari yake jikoni, peke yake. Kanisani nako, padre alipokohoa katikati ya mahubiri, nilisimama nimpime.

4. Hili naliandika kwa aibu. Amri yako inasema kwamba mwenye joto lisilofika thelathini na tisa arudi kazini, awe nani awe nani. Tangu Daktari aende Kilwa, tikiti zote naziandika mimi, mia na zaidi kwa siku. Jumamosi nilifika kwenye jina la Chola, mfanyakazi wa tanuri la shaba, nikaandika: "Arudi kazini Jumatatu." Chola alikuwa amefariki asubuhi ile ile, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Mjane wake, Albertine, aliitazama karatasi, akaniuliza kwa upole, "Sasa arudie kazi gani, baba?" Jumatatu karani akamwandika Chola kuwa mtoro. Naogopa, Bwana Daktari. Mafua siyaogopi, naogopa mkono wangu.

Kwa hiyo naomba nipangiwe mafua kwa maandishi, siku tano, kuanzia Jumatatu ijayo. Kama hayatolewi kwa watu wa daraja langu, nitapokea surua. Usiseme sijajitahidi: nimekunywa kikombe kimoja na wagonjwa saba, na Kalaba, mmoja wao, nimemkumbatia akiwa na joto la arobaini. Tena, ukikubali, waandikie zamu wauguzi wote, kila mmoja augue wiki yake, ili tusije tukashika chupa wote siku moja.

Msalimie Madame na watoto. Ukimwandikia Daktari Clément, mwambie kivuli alichokuwa akiegeshea gari hatujamruhusu mtu mwingine kukitumia, naye asiharakishe kurudi.

Mimi mtumishi wako, mzima kupita kiasi,

Edouard Mwaba

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mafua yamefika. Kichwa kinauma, viungo vinauma, natetemeka. Delphine amecheka kwa furaha, akanitandikia kitanda na kuniletea uji. Jirani yetu Nkandu amekuja kunipa pole. Nilikuwa nimekwisha funga macho nilipokumbuka kwamba sijapimwa. Nimejipima: thelathini na nane na nusu. Amri ni amri, nimejiandikia tikiti: "Arudi kazini." Barua hii nakuletea mwenyewe, nikiwa njiani kwenda kazini.