Shaushi Shafii Aomba Uefendi wa Ziwa

Bwana Luteni Mtukufu, uliyevuka bahari na milima kutoka Ulaya ili uje utuchagulie Efendi, mkubwa wa polisi wa mwambao huu wote, kuanzia Kabezi hadi Rumonge na kushuka mpaka ziwa litakapochoka lenyewe, Bwana Nasoro Mkalimani, ulimi wa Serikali, ambaye bila wewe Bwana Luteni asingejua kama hapa anasifiwa au anatukanwa, waheshimiwa majumbe, waheshimiwa wafanyabiashara wa mawese, wa chumvi na wa maneno, waheshimiwa walimu wa chuo, waheshimiwa askari wenzangu, ambao kuanzia leo jioni mtaacha kuniita mwenzenu, mheshimiwa baba mkwe wangu, Mzee Radjabu wa Gatete, baba wa mitumbwi mingi na binti mmoja, na wewe, Mwamini binti Radjabu, mke wangu, uliyeketi pale kwa akina mama umejifunika mpaka sioni ila vidole vyenye hina, na vidole hivyo vinanitosha hata nisipopewa chakula: amani iwe juu yenu.

(Watu: Amahoro! Kadidja, muuza samaki, kutoka mbele: Ee, bwana harusi iko nje na fungate haijaisha! Kicheko.)

Ni kweli, Mama Kadidja, fungate haijaisha. Mila yetu inasema bwana harusi asitoke, akae ndani alishwe kuku na asifiwe na mashemeji, nami Mungu ni shahidi kwamba sikuwa na haraka ya kutoka, maana tangu niingie ndani mle nimegundua kwamba dunia ya nje haina kitu, ni vumbi na kelele tupu. Lakini Serikali haijui fungate. Na zaidi ya hayo, nilipomposa Mwamini niliweka ahadi mbele ya wazee kwamba mke wangu hataitwa mke wa shaushi. Ataitwa mke wa Efendi, atakaa nyumba ya mabati ndani ya boma, na kila mvua ikinyesha atasikia cheo cha mumewe kikirindima juu ya paa.

(Mzee Radjabu: Na bila cheo, mutoto wangu habebi mukeka kutoka kwangu kwenda kwako! Watu: Umesema, mzee!)

Asante, baba. Kwa hiyo, Bwana Luteni, ninaposimama juu ya kasha hili kuomba nipandishwe kutoka ushaushi hadi uefendi, nikivuka ngazi zote za katikati kwa sababu za kiutumishi ambazo nitazieleza kama muda utaruhusu, siombi kwa tamaa. Naomba kwa raporti. Nimehudumu. Nimepiga tarumbeta wakati mpiga tarumbeta alipougua, na watu walionisikia walikiri kwamba hawajawahi kusikia sauti kama ile. Nimelinda soko la Rumonge kwa utaratibu ambao nyinyi Wadachi mnauita ordnung, neno ambalo kwa lugha yetu halipo kwa kuwa kabla yangu halikuhitajika. Na kwa hesabu za kitaalamu nilizozifanya mwenyewe, wizi katika mwambao huu umepungua kwa nusu, ile nusu iliyobaki nayo imepungua kwa nusu yake, na hicho kidogo kinachoonekana bado si wizi, ni mambo ya jamaa kwa jamaa.

(Sauti: Na mbuzi yangu alikuliwa na jamaa gani? Mwingine: Yule wa kofia nyekundu, iko juu ya kasha! Kicheko kirefu. Mkalimani Nasoro hatafsiri kicheko. Yeye hutafsiri maneno ya aliye juu ya kasha tu.)

Sasa nifikie kilele cha utumishi wangu, mpango mkuu, mpango ambao boma lolote kando ya ziwa hili lingetamani kuwa nao, yaani Kikosi Maalumu cha Patroli ya Majini. Bwana Luteni, wewe mwenyewe ulipofika juzi, ukasimama barazani baada ya chakula, uliona nini ziwani? Uliona giza. Na ndani ya giza uliona nini? Mioto! Mioto mingi imepangwa juu ya maji kama shanga kwenye shingo ya bibi harusi, mmoja hapa, mwingine pale, mingine mbali kabisa kuelekea ng'ambo ya Kongo. Ukauliza kupitia Nasoro, "Ni nini kile?" Nami nikapiga saluti nikajibu, "Ni polisi, Bwana." Kila moto ni mtumbwi mmoja, kila mtumbwi una askari wangu, macho makavu, mkuki mkononi, akiwazuia watu wa magendo, wezi wa chumvi na wahamaji wasio na ruhusa.

(Minong'ono mikubwa. Mvuvi Assumani: Kumbe mimi ni polisi! Muke wangu hajui! Jirani yake: Mukuki gani? Mimi niko na wavu na kifungu cha matete ya kuwasha. Kadidja: Basi samaki zenu ndogo, ndagala, ni wafungwa! Kicheko. Sauti: Mwambie Bwana. Assumani: Mwambie wewe. Mugongo ni wangu, kiboko ni ya Shaushi.)

Naona wananchi wamesisimka. Wana haki ya kusisimka. Kuna mtu mwenye wivu, simtaji, aliyeuliza kwa nini patroli yangu huonekana usiku wa giza peke yake, na mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima huwa tupu, halina hata moto mmoja. Swali la mtu asiyesoma mbinu za kijeshi! Usiku wa mbalamwezi nawapumzisha askari kwa makusudi, kwa kuwa mwezi wenyewe nimeuandikisha katika ulinzi, nao hauhitaji posho, sare wala likizo.

(Sauti: Ndagala hazifuati moto mbalamwezi ikiwa juu, hata mutoto anajua! Kadidja: Nyamaza, Efendi anafundisha mwezi kazi.)

Na gharama, Bwana Luteni? Serikali haikutoa chochote. Wananchi wenyewe, kwa mapenzi yao, kila alfajiri mitumbwi inaporudi huniletea mlangoni kikapu cha ndagala kutoka katika kila chombo, kwa ajili ya kuimarisha patroli.

(Assumani, polepole: Mapenzi yetu. Kadidja: Mapenzi yenye kiboko. Akiwa Efendi itakuwa vikapu viwili.)

Nikipewa uefendi, nitaipanua patroli. Kutoka Kabezi hadi Gatete hakutakuwa na wimbi litakalopita bila kutoa sababu. Nitaanzisha mafunzo, nitaanzisha gwaride la makasia, nitaanzisha idara ya kuzichunguza idara. Na siku ya kutawazwa nitamshika mkono Mwamini, tutembee pamoja kutoka sokoni hadi boma, ili kila mtu aone kwamba cheo na huba vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja bila kusukumana.

(Vigelegele vya wanawake. Kadidja anainuka: Bwana Shaushi! Umeshukuru tarumbeta, umeshukuru mwezi. Muke wako haumushukuru?)

Mama Kadidja, unanichoma.

(Kadidja: Mimi nauliza tu. Akili kubwa namna hii ya mioto, wewe peke yako uliiwaza? Ama kuna mutu alikushika mukono? Wanawake: Aseme! Aseme! Mwamini, chini ya ushungi: Mume wangu, shuka.)

Sishuki, mpenzi! Umezoea kujificha, lakini jua hulifichi kwa ungo. Nasoro, tafsiri vizuri sana hapa, usiache hata neno moja, nataka Bwana Luteni amjue mwanamke niliyemwoa. Sikilizeni, enyi watu wa Rumonge! Nilikuwa nimeketi ufukweni kwa Mzee Radjabu, siku nilipokwenda kuposa, nimeinamisha kichwa, kwa sababu sikuwa na kazi yoyote ya kuionyesha Serikali ili nipande cheo.

(Mwamini: Shafii, nyamaza, tafadhali! Kadidja: Mwache, dada, anakusifu.)

Na binti huyu, kwa sauti kama maji yanayoingia mtungini, akaniambia, "Unahuzunika nini? Tazama mioto ya baba na wavuvi wenzake. Mzungu akiwa barazani atajuaje kwamba ni wavuvi? Sema ni askari wako." Haya! Ni afisa gani wa Ulaya angewaza hivyo? Kwa neno moja alinipa kikosi kizima, mitumbwi yote ya mwambao, bila mimi kununua kasia, bila kumwandikisha askari hata mmoja, bila kulowesha unyayo! Mimi hata kuogelea sijui! Basi kama kuna sifa katika Patroli ya Majini, sifa ni ya Mwamini!

(Vigelegele visivyo na kifani. Nasoro anatafsiri, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Assumani: Nasoro, na ile ya kutojua kuogelea umeitafsiri? Nasoro: Nimeitafsiri. Mzee Radjabu anaufunika uso kwa kofia yake.)

Idumu Serikali!

(Watu: Idumu!)

Idumu patroli!

(Watu: Iko wapi?)

Lidumu penzi!

(Watu: Lidumu, masikini!)

Naona Bwana Luteni ameinuka. Amekifunga kifungo cha koti lake, anakuja hapa kwenye kasha, uso umemwiva kwa furaha. Mwamini, simama uone! Wakubwa huwa hawaji wenyewe. Shaushi huitwa, lakini Efendi hufuatwa. Nasoro, anasema nini?

(Nasoro: Anasema unyooshe mkono wa kushoto, wenye alama za cheo.)

Huu hapa, Bwana Mkubwa. Ndugu zangu, kwa heshima hii nawashukuru nyote. Nawashukuru wavuvi wa Gatete, ambao wametumikia polisi kwa uaminifu bila kujua. Nakushukuru, Mama Kadidja, kwa kunikumbusha wajibu wa mume. Murakoze, murakoze sana. Na wewe, Bwana Luteni, asante, asante, hizi za ushaushi ni lazima zitoke kwanza, naelewa, ndio utaratibu. Lakini polepole na hicho kisu, Bwana, usiuchane mkono wa koti, Mwamini ameushona jana kwa mikono yake mwenyewe, na uzi aliotumia ni mwekundu, angalia ulivyonyooka.