Marafiki Arobaini na Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Mkutubi kanionya: kitabu changu kisipoazimwa na mtu kufikia Ijumaa, kinatolewa rafuni na kwenda kusagwa. Nakala ya mwisho. Nilikiandika baada ya kuukimbia mji wetu, miaka thelathini na minane sasa. Nyumba ya mama haisimami tena popote ila katika ukurasa wa kumi na mbili.

Njia ipo. Kompyuta mpya ya maktaba humtaka kila msomaji ataje marafiki zake, kisha humpendekezea vitabu walivyoazima. Changu nimekiazima mwenyewe na kukirudisha papo hapo. Mimi mwandishi sihesabiwi, lakini sasa kimo katika orodha yangu. Wamebaki marafiki tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimeshinda kwa kinyozi. Kila aliyekaa kitini nimemwomba anitaje. Mwenye povu mashavuni hakimbii. Arobaini na mmoja! Meja mstaafu, mpinzani wangu wa drafti, alikuwepo pia. Sikumwomba. Huyo husogeza kete nikipiga chafya.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu. Kompyuta imewatumia wote kile ninachoazima zaidi: riwaya za mapenzi. Kumi na saba. Changu kimefunikwa chini kabisa. Kinyozi ananiita Bwana Mahaba. Mke wangu kauliza, kwa upole, hizo kumi na saba zimenifunza nini, maana yeye hajaona.

Ijumaa, 8 Machi
Nilikwenda kukiaga. Rafuni hakimo. Nikaipekua rafu nzima. Mkutubi akanivutia kiti, akaniambia: kimeazimwa jana jioni. Na Meja! Kumbe alinitaja tangu mashine ilipoletwa, na hakumtaja mwingine. Mwenye marafiki wengi, kompyuta humdonolea kidogo kutoka kwa kila mmoja. Mwenye rafiki mmoja hupewa orodha yote mpaka mkiani.

Nikamkuta kwenye drafti, kitabu kwapani. Akasema, ndugu yangu, mlango wa mama yako nimeuona kabisa, ila wewe humo unajisifu mno. Nikashusha pumzi niliyoibeba tangu Jumatatu. Nikapiga chafya. Kete ikasogea. Nikacheza zamu yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Kitabu kimepewa miaka miwili mingine. Mkutubi kanikumbusha kwamba mimi mwenyewe sijamtaja rafiki hata mmoja, akauliza, hakuna anayestahili? Nikamjibu kwamba Meja angoje kwanza, asije akavimba kichwa. Jumatatu nahamia kwa daktari wa meno. Wagonjwa wake hukaa midomo wazi. Hakuna awezaye kusema hapana.