Nilivyofutwa kwenye Orodha ya Mtaro

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza kwenye mradi. Sheria yenyewe rahisi: unachimba mtaro hatua kumi kwa siku, unapata posho. Halafu mkaguzi anakuja. Akiona unaweza kujitegemea, anakufuta kwenye orodha. Mungu aniepushe! Nimechimba hatua mbili. Mgongo hoi. Mke wangu kasema ni uvivu tu. Nimemsamehe.

Jumanne, 4 Machi
Jembe la jirani yangu limevunjika mpini. Tunamwita Bwana Kamba, maana hupima mtaro wake kwa kamba, na wangu pia, bila kuombwa. Nikapata wazo! Nikamwambia nitamchongea mpini mpya, naye anichimbie kipande changu. Akanung'unika, akakubali. Nimeshinda kivulini nachonga. Raha iliyoje! Mwenye akili hatoki jasho.

Alhamisi, 6 Machi
Mipini sita! Watu sita wamegawana kipande changu. Kimemalizika kabla ya cha Bwana Kamba. Amekipima mara tatu, kanuna. Msimamizi akanisifu mbele ya wote kwa bidii yangu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumamosi, 8 Machi
Leo hakuna mtaro, lakini watu wamenifuata nyumbani, pesa mkononi. Mashoka, nyundo, hata ufagio wa shule. Nimeazima msumeno, nimetengeneza benchi. Wameniita fundi! Mke wangu ananichekea tena. Sijui kwa nini. Labda ni shati nililovaa leo.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa! Mkaguzi kaja. Nilikuwa nimejiandaa: shati limechanika, uso wa msiba, kikohozi kidogo. Nikamweleza kwamba sina mbele wala nyuma. Kabla sijafika kwenye kikohozi, wakaja wanne na majembe yao, wakiuliza kama fundi amemaliza. Bwana Kamba, hasidi yule, akamwambia mkaguzi kwamba mtaa mzima unanitegemea mimi. Mkaguzi akanishika mkono, akanipongeza, akanifuta. Watu wakapiga makofi. Nikalia kweli. Wakadhani ni furaha.

Jumatano, 12 Machi
Sina posho. Muda wa kuhuzunika nao sina, nina mipini kumi na minane ya kumaliza. Watoto wameshiba. Mke wangu anaimba jikoni. Nakiri, moyo umetulia.

Lakini sijalala! Nimesikia mwezi ujao mkaguzi atawarudisha kwenye orodha wasio na kazi. Lazima anikute sina kazi. Dawa nimeipata: nimemwajiri shemeji yangu, na Bwana Kamba naye nimemtoa kwenye mtaro, awe anapima mipini. Wao watachonga kutwa nzima. Mimi nitakaa barazani, mikono mitupu, sifanyi lolote. Mkaguzi gani hatanihurumia?