Kiazi Kwenye Bahari ya Melkiori

Jumatatu, 14 Julai

Nimemshinda Anifa! Funguo ya Melkiori ninayo mimi, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Melkiori ni jirani yetu hapa Mkuza, kijana wa ofisini, kaenda semina Dodoma mpaka Jumapili. Sebuleni kwake ana tangi la kioo, ndani yake bahari nzima. Matumbawe hai yanacheza kama maua. Samaki wawili rangi ya chungwa. Anawapenda kuliko mchumba wake Blessing, ila hilo nimemwambia Sada tu. Na Mwanajuma.

Akirudi ndiyo atasema nani apike pilau la harusi yake kule Kisarawe. Wapishi wa shughuli mtaani ni wawili, mimi na Anifa. Samaki wakiwa wazima, sufuria langu. Hajatamka, lakini nimemsoma machoni.

Kanionyesha mstari mwekundu kwenye kioo. Maji yakishuka niongeze ya kwenye dumu jeupe, matupu, nisitie kitu. Eti yanayopaa ni maji, chumvi inabaki humo humo. Akanipa na kadude ka kuchungulia, unadondosha tone unasoma chumvi. Isome thelathini na tano. Nikamwambia baba, mie naonja chumvi za shughuli tangu hujazaliwa. Akacheka. Mie sikucheka.

Jumanne, 15 Julai

Maji yameshuka vidole viwili. Nimewaza sana. Kilichopungua si bahari? Sasa ukirudishia maji matupu unaizimua. Hata mchuzi, ukiongeza maji unaongeza na chumvi. Hawa watoto wa ofisini jiko hawalijui!

Nimekoroga pakiti mbili za chumvi kwenye maji ya dumu, nikamimina. Nikaonja. Imekolea!

Anifa kachungulia dirishani, kauliza samaki wanaendeleaje. Nikamwambia wanakuulizia.

Jumatano, 16 Julai

Jamani. Matumbawe yamenywea kama mchicha uliopita motoni. Samaki wamejibanza pembeni, wanahema kama wamepanda milima ya Pugu na mizigo kichwani. Nimechungulia kadude: arobaini! Kabovu hako.

Melkiori katuma sauti. Shikamoo mama Said, chumvi inasoma ngapi? Nikamjibu marahaba baba, thelathini na tano, na kaziada kadogo. Sijadanganya. Tano ni kaziada.

Alhamisi, 17 Julai

Dawa nimeipata! Mchuzi ukizidi chumvi unafanyaje? Unatia kiazi. Kiazi kinakunywa chumvi yote, unakitoa, wageni hawajui kitu. Nimemenya viazi mviringo vizuri kabisa, nimevikata vipande, nimevishusha kimoja kimoja nisiwashtue samaki. Samaki mmoja kakizunguka kiazi, kakikimbia.

Halafu nikasikia kacha! Anifa dirishani, na simu. Picha imeshafika kwenye kundi la mtaa, na maneno chini yake: "Mchemsho umeiva, karibuni mezani kwa mama Said." Mwanajuma kauliza kama kuna ndimu. Sada kacheka mistari mitatu. Sada! Niliyempa siri zangu zote!

Ijumaa, 18 Julai

Melkiori kapiga. Hata shikamoo hakunipa. Kwanza mama toa viazi. Halafu kasoma mwenyewe adhabu: chota jagi moja la maji ya tangi mwaga, rudishia jagi moja la maji matupu, tulia. Baadaye tena. Kila mara pima. Nikauliza kwa nini nisimwage ndoo mbili tukamaliza kesi? Akapiga ukelele semina nzima imesikia. Samaki kashazoea chumvi kali, ukimletea maji mepesi ghafla unamuua, na matumbawe ndiyo kwaheri. Taratibu mama, taratibu!

Halafu akaniambia nimpe simu Anifa.

Anifa! Kaongea naye huku ananiangalia kama mwenyekiti wa mtaa. Funguo kaichukua. Kadude kakachukua.

Jumamosi, 19 Julai

Anifa kakaa kwenye kigoda mbele ya tangi, mikono kifuani. Nikigusa jagi, "Weka chini mama Said, bado." Nikihema, "Bado." Nimengoja aende kuswali nijazie haraka haraka. Kaenda kutawadha na jagi!

Mchana samaki mdogo kalala ubavu. Tumepiga magoti wote wawili, pua kwenye kioo. Nimeona huruma, wallahi. Kisamaki cha watu hakijanikosea kitu. Nikamwambia Anifa kikifa sitapika tena hata maharage. Akasema usinitie tamaa.

Jioni kageuka, kaanza kuogelea. Na tumbawe moja likafungua vidole vyake, taratibu, kimoja kimoja. Tumepiga vigelegele! Tumekumbatiana! Halafu tukakumbuka ni sisi, tukaachiana.

Jumapili, 20 Julai

Melkiori karudi, kapita moja kwa moja kwenye tangi na begi mgongoni. Kachungulia: thelathini na saba. Atamalizia mwenyewe, polepole. Samaki wote hai. Kafuta macho. Eti vumbi la Dodoma.

Pilau kampa Anifa. Mimi nitapokea wageni mlangoni, kwa sababu maneno ninayo. Nimempa Anifa hongera. Nikamwambia asisahau chumvi.

Jumamosi, 26 Julai

Kisarawe! Tumekuja ukweni kwenye kikao cha harusi. Mjomba wake Blessing, mzee Lusajo, kanivuta pembeni kwa heshima zote. Kasikia mimi ndiye niliyeokoa bahari ya Melkiori. Nani kamwambia sijui, mie nilimsimulia shangazi mtu tu. Ana bwawa la perege nyuma ya nyumba, maji yamegeuka kijani, samaki wanapumulia juu juu. Anaogopa watakufa wote. Eti nisaidie mama, wewe una mkono.

Nimeenda kuona. Anifa kanifuata mbio, ananivuta kanga, ananiomba nimpigie Melkiori kwanza. Wivu huo.

Maji ya kijani kibichi, mazito. Nimeyaonja. Kisamvu kitupu! Na kisamvu kinataka nini? Mzee Lusajo kashaniletea mbuzi ya kukunia na ndoo safi. Naandika kwa mkono huu, huu mwingine unakuna. Hii ni nazi ya nane.