Daraja Jekundu na Rafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa Idara anastaafu. Kiti kitabaki wazi. Kiti changu! Tunaokitaka ni wawili: mimi, na mhadhiri mwenzangu tunayemwita Mama Vipimo kwa sababu haamini kitu mpaka akipime. Ndiye aliyesanifu daraja jipya la miguu kati ya maabara na maktaba. Kila mtu analisifu. Mimi nikipita hukanyaga kwa nguvu makusudi, lakini wapi.

Nyumbani mke wangu kanikumbusha rafu ya jikoni. Mama yake anakuja Jumamosi na vyungu alivyorithi kwa bibi yake, anataka tumtunzie. Eti rafu inacheza. Nimemwambia asinifundishe kazi, mimi ni mhandisi.

Jumanne, 4 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimelichora daraja lake kwenye kompyuta. Programu yetu inakikata kitu vipande vidogo vidogo, inakokotoa kila kipande kinavyobeba mzigo, kisha inakipaka rangi, kuanzia buluu hadi nyekundu. Nawafundisha wanafunzi kila mwaka. Ile sura ya kitabu chake inayoeleza mipangilio tu ndiyo huwaambia wakaisome wenyewe. Inachosha.

Matokeo: daraja limebonyea kama kitanda cha kamba, na katikati ni jekundu kama pilipili. Nimecheka peke yangu mpaka mhadhiri wa chumba cha pili kagonga ukuta.

Nikaikokotoa na rafu, kwa kuwa nilishakaa. Mchoroni nimeigandisha ukutani moja kwa moja, maana misumari ni taabu kuichora. Imetoa wekundu pale inaposhikana na ukuta. Nikabadilisha rangi. Sasa ni kijani tupu na inapendeza.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea picha Mkuu wa Kitivo. Rangi ilimtoka. Kabla ya saa sita daraja lilikuwa limefungwa kwa kamba. Sasa chuo kizima kinazunguka nyuma ya majalala, kwenye tope.

Mama Vipimo alikuja ofisini. Hakugomba. Aliuliza tu nimeweka mzigo gani, na ule mpindo wa pichani nimeukuza mara ngapi. Nikamjibu kwamba mzigo ni wa watu, na mengine ni siri ya utafiti. Akatabasamu, akaaga. Tabasamu lile sikulipenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu wa Kitivo kaacha kiatu kimoja topeni. Wahadhiri wananipita bila salamu. Wivu. Nimechapisha picha ya daraja kwenye karatasi kubwa kuliko mlango, na nimeshachagua pazia la ofisi mpya.

Mke wangu kauliza tena habari za rafu. Nikamwonyesha picha ya kijani. Akasema yeye haoni picha, anaona msumari unatoka. Nimemsamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kamati ya kumchagua Mkuu mpya wa Idara. Nilizungumza vizuri sana. Niliwaambia hilo si daraja, ni jeneza lenye vishikio. Wajumbe wakashika vifua.

Ndipo Mama Vipimo akaniomba, kwa adabu zote, niwasomee yale maandishi madogo kwenye pembe ya picha. Sikuwahi kuyaona. Nikasoma kwa sauti, mjinga mimi: mpindo umekuzwa mara elfu moja.

Akaieleza kamati kwamba programu hutia chumvi ili jicho lione. Mpindo wa kweli haufiki unene wa ukucha. Na nyekundu si lazima iwe hatari. Ni pale tu palipobeba zaidi ya pengine, hata kikombe mezani ukikikokotoa kitatoa wekundu wake. Tena kabla ya kulifungua daraja alilipakia magunia ya mchanga, akalipima, likatulia tuli.

Wakacheka. Nikajitetea kwamba katika utafiti elfu moja si nyingi. Wakacheka zaidi, isipokuwa Mkuu wa Kitivo, aliyekuwa anaangalia viatu vyake vya kuazima. Kiti kapewa Mama Vipimo. Niliumia, sitaficha. Nilijifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kafika. Kavipanga vyungu mwenyewe, kimoja kimoja, akitaja kila kimoja kilipikiwa harusi ya nani. Kisha akaigusa rafu kwa kidole, akasema mwanangu, hii inacheza. Nikamletea picha ya kijani. Akaitazama, akasema haya, wewe ndiye msomi.

Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia kishindo. Misumari ilitoka na plasta yake. Hakikusalia chungu hata kimoja. Mama mkwe aliinuka. Alichukua ufagio, akafagia, na mke wangu akamshikia kizoleo. Afadhali wangenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaondoka bila kuniaga. Mke wangu kamsindikiza, na begi alilobeba ni kubwa mno kwa kusindikiza mtu.

Nyumba kimya. Nimekaa jikoni nikafikiri kwa kina. Nimerudia hesabu yote tangu mwanzo, na jibu ni lile lile: rafu ile haiwezi kuanguka. Kwa hiyo kompyuta haikukosea. Rafu ndiyo iliyokosea. Nimeanza kuandika makala kuhusu jambo hili, na mke wangu akirudi nitamsomea utangulizi.

Mchana umeingia ujumbe wa Mama Vipimo, sasa Mkuu wa Idara. Ananipa pole kwa yote, na kuanzia kesho ananipangia kufundisha mwaka wa kwanza sura moja tu, ile ya mipangilio. Sawa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitawaambia wakaisome wenyewe.