Yah: Theluji Yenu, Malisho Yetu na Mke Wangu

Kijiji cha Ha Moshabesha,
Jumatano, Julai.

Kwa Ntate Thulo Phakisi,
Meneja, Kituo cha Kuteleza Thelujini cha Thaba-Lehloa.

Ntate Meneja,

Pokea salamu zangu. Huku kijijini wote hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni Lebusa Moshabesha, mlinzi wa malisho ya akiba, yale ambayo Chifu huyafunga asiyaguse mnyama yeyote mpaka majani yakue, na ambayo kwa bahati mbaya yamepakana na kituo chako upande wa chini. Kazi hiyo nimeishika miaka ishirini na sita. Mimi si mtu wa kuandika barua za malalamiko. Anayenikosea namfuata kwake nikamwambia. Kwako nilikuja mara tatu. Mara ya tatu nikaambiwa nichukue namba nisubiri, nikasubiri saa nzima, kumbe ile ilikuwa foleni ya kukodi viatu. Nikavishwa viatu vya kutelezea, nikarudi navyo nyumbani. Kwa hiyo sasa naandika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Historia yenu. Pale langoni mmeweka ubao unaosema mteremko huu "uligunduliwa" na Bwana Van Tonder na marafiki zake wawili. Uligunduliwa! Siku aliyougundua mimi nilikuwa nimesimama juu yake na kondoo mia na arobaini. Akaniuliza theluji huchelewa kuyeyuka wapi. Nikamwonyesha ubavu wa kusini ambao jua huusahau, nikamwambia, "Pale, bwana, ila usipeleke mifugo, itakufa." Alifurahi kama mtu aliyeambiwa mkewe amejifungua salama. Mwaka uliofuata akaleta injini ya trekta bovu, akafunga kamba, watu wakaanza kuvutwa kwenda juu. Trekta lenyewe lilikuwa la mjomba wangu. Mjomba hayupo ubaoni, mimi sipo ubaoni, hata kondoo hawapo.

2. Mashine za kutengeneza theluji. Ntate, sisi huku tunaomba Mungu theluji isije. Ikija inafunga njia, inaua wana-kondoo, mtu anakaa siku nne bila unga. Nyinyi mnachota maji ya kijito chetu, mnayapuliza hewani kwa kelele ili mpate ile ile tunayoikimbia! Mchunga kondoo wangu Tšolo aliniuliza, "Ntate Lebusa, hawa wamekosa shida huko kwao?"  Halafu mwezi uliopita ilipoanguka theluji ya kweli, ya Mungu, ya bure, mkafunga kituo. Tangazo lilisema, "Tumefunga kwa sababu ya theluji." Nimelihifadhi hilo tangazo.

3. Kamba ya kupandishia. Nimekaa mchana kutwa nikihesabu. Mtu mmoja mwenye koti la njano alipanda na kushuka mara thelathini na moja. Hakubeba unga, hakubeba kuni, hakuwa na ujumbe kwa mtu yeyote. Jirani yangu akasema labda amesahau kitu huko juu. Punda wangu anapanda mara moja kwa wiki na bado ananinunia. Sasa amewaona watu wako wakivutwa kwa injini, na tangu siku hiyo hapandi kabisa. Anasimama karibu na kamba yenu anangoja.

4. Blanketi. Ile sanamu ya mtu katika duka lenu mmeivika blanketi mistari ikiwa imelala. Kila mtu anajua mistari husimama, mtu akue na mambo yake yakue. Wageni wanaiga. Nimemkuta bwana mmoja mrefu kama nguzo ya simu amejifunga vile, nikamwambia, "Utadumaa, bwana," akanipiga picha. Sasa mwaka huu nyasi zangu ni fupi. Sisemi ni nyinyi. Nasema tu ni fupi.

5. Watu wenu wanaingia malishoni. Hapa ndipo penyewe. Wanashindwa kusimama, wanatoboa uzio, wanaangukia kwenye majani ya akiba. Sheria ya malisho haina upendeleo: kilichoingia kinakamatwa, kinafungiwa kwenye zizi la Chifu, na hakitoki mpaka mwenyewe afike mlangoni aulizwe mbele ya watu, "Huyu ni wa nani?" naye ajibu, "Ni wangu." Haisemi kama kina miguu minne au miwili. Msimu huu nimekamata kumi na mmoja. Wewe, Ntate, hujaja kudai hata mmoja! Wamekuwa wakikombolewa na ndugu zao. Mmoja mkewe alifika, akamtazama, akaomba muda wa kufikiri.

Na adhabu yenyewe imeharibika. Tunawawashia moto, tunawapa ugali na mboga za majani, maana Chifu wetu 'Mapoloko ni mama na hawezi kumwona mtu akitetemeka. Daktari mmoja wa meno kutoka Bloemfontein alisema hajawahi kula vizuri hivyo, na kesho yake akaingia malishoni makusudi, polepole kabisa, huku akinipungia mkono. Sasa nimeona ramani yenu mpya. Zizi letu limo. Limeandikwa "Kivutio namba saba".

6. Mke wangu. Nilitaka kulitaja hili mwisho kwa kuwa ni dogo.

Mama Lineo alikuja kwako mwezi wa sita na ndoo ya maandazi kuwauzia wageni wako, basi. Wiki ya pili akarudi na ndoo tupu na goti lililovimba. Wiki ya tatu akarudi ana namba kifuani. Sasa mwanamke wa miaka hamsini na nane anaondoka alfajiri na mbao za kutelezea begani, anarudi mashavu mekundu, anakula amesimama, analala. Namwambia habari za kondoo, ananijibu habari za kona. Jumamosi ameandikishwa kwenye mashindano, na wanawake wa kijiji wote wanajifunza vigelegele.

Nilimkalisha chini. Nikamwambia, "Mama Lineo, watu watasemaje?" Akaniambia, "Baba Lineo, miaka thelathini na minane nimeupanda mlima huu na mzigo kichwani. Niache niushuke mikono mitupu."

Ntate, nikatoka nikahesabu kondoo waliokwisha kuhesabiwa. Nyumba imekuwa kubwa. Chai napika mwenyewe na sijui yeye huweka nini mpaka ikawa ile yake. Nasema ukweli, naogopa. Naogopa ameona huko kitu ambacho mimi sina.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: kwanza, jina langu na la mjomba yaandikwe ubaoni. Pili, zizi liondolewe kwenye ramani. Tatu, mashindano ya Jumamosi yafutwe. Nne, mashine zote zizimwe kuanzia leo, jua lifanye kazi yake, na mlima urudi kama ulivyokuwa. Ikishindikana, basi mlima mbaki nao ila akina mama wote wenye umri zaidi ya hamsini wakatazwe kamba.

Nisalimie mkeo, fundi wa injini, yule binti wa viatu aliyenivisha bila kuuliza, na daktari wa meno akifika. Mwambie jino langu la nyuma, lile alilonitazama zizini, bado linauma.

Ni mimi, katika baridi mliyoitengeneza,
Lebusa Moshabesha,
Mlinzi wa Malisho ya Akiba.

Nyongeza: Barua hii nimeiandika nikiwa ndani ya zizi la Chifu. Leo asubuhi nilichukua mbao za akiba za Mama Lineo, nione tu ni kitu gani kimemchukua. Kusimama sikufundishwa. Nilitoboa uzio, nikapita mbele ya Tšolo, nikaangukia katikati ya majani niliyoyalinda miaka ishirini na sita. Tšolo akanikamata. Akasema, "Samahani, Ntate, sheria ni yako." Mimi ndiye wa kumi na mbili.

Nilikuwa namalizia kusaini Mama Lineo alipofika, mbao begani. Kijiji kizima kipo mlangoni. Chifu akauliza, "Huyu ni wa nani?" Mama Lineo akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyako. Nikamkumbuka yule aliyeomba muda wa kufikiri. Akasema, "Ni wangu." Miaka thelathini na minane, Ntate, sijawahi kumsikia akilisema hilo mbele za watu.

Kwa hiyo malalamiko namba mbili mpaka sita yafute. Jumamosi mimi ndiye nitakayebeba ndoo ya maandazi. Na tafadhali washa mashine mapema, Ijumaa inaonekana kuna jua.