Tausi Aliyefungiwa Ndani ya Disketi

Jumatano, 11 Septemba

Umma wa Bishnupur unatangaziwa kwa heshima zote kwamba leo, baada ya chai ya asubuhi, Bhabatosh Samaddar, fundi kompyuta (yaani mimi), amenunua kompyuta mbili za kale. Kwa kilo, kwa muuza skrepa. Bendera hazikupandishwa. Mke wangu Sulekha ameuliza zitakaa wapi. Nimemjibu: katika historia. Amesema historia ina nafasi, sebule haina.

Sababu ni Gobardhan Kheto, mfumaji wa sari. Kadi zake za matobo, zile zinazouambia mtambo wa kufumia uinue uzi upi na uache upi, zimeliwa na mchwa. Mtambo bila kadi ni fanicha. Mchoro wa tausi wake bado upo kwenye disketi, lakini programu iliyouchora haifunguki kwenye kompyuta yoyote ya leo. Inataka mfumo endeshi wa enzi zile nilipokuwa na nywele. Tajiri aliyeagiza sari anakuja Jumatatu ya tarehe 23. Asipoukuta mtambo unagonga, oda inakwenda kwingine, na Gobardhan anakwenda mji wa mbali wa Surat kulinda geti la kiwanda. Babu yake alifuma, baba yake alifuma, yeye ashike rungu na tochi!

Nikasema mbele ya banda zima la chai: niachieni mimi. Haradhan Kundu, anayeuza laptopu mpya mkabala na duka langu, alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nia yangu ya siri: nikiwa mtu pekee wilayani mwenye mfumo ule, wafumaji wote ni wangu. Nimeshachora kibao kipya cha duka. Kwenye picha nina nywele.

Alhamisi, 12 Septemba

Kompyuta mbili zimekuwa moja. Ndani nimekuta mayai ya mjusi, nikayahamishia dirishani kwa adabu. Nikawasha.

Ilianza kujihesabia kumbukumbu. Tarakimu zikapanda taratibu kwenye kioo, kama mzee anayehesabu wajukuu uani ili kuhakikisha wote wamerudi. Nilisimama wima. Sijui kwa nini. Mtu hawezi kuketi wakati kitu kilichokuwa kwenye lundo la chuma kinajikumbuka.

Kisha balaa. Disketi ya tatu ya mfumo imeharibika. Mashine imeniuliza: niache, nirudie, au nishindwe? Miaka ishirini na sita ya ndoa, Sulekha hajawahi kuniuliza jambo hilo kwa ufupi hivyo. Nilijibu rudia. Nikajibu tena rudia. Inatoa sauti ya paka aliyemeza kijiko.

Haradhan akapaza sauti kutoka mlangoni kwake: “Kaka Bhabatosh, maiti wako anakoroma! Nikuletee daktari au kuni za kumchomea?”

Nimefunga mlango kwa heshima.

Jumamosi, 14 Septemba

Mpango! Kwenye kabati la vioo la Haradhan kuna boksi la disketi za mfumo uleule. Ameliweka kama pambo, wateja waone babu zao waliteseka vipi. Kumwomba? Kamwe.

Nimeingia kama mteja. Nimeuliza laptopu ya rangi ya fedha, nikaibinua, nikaguna. Alipoinama kutafuta begi lake, boksi likahamia ndani ya shati langu. Tatizo: tumbo langu watu wa mtaa huu wanalifahamu. Halina kona.

Haradhan akauliza kama shemeji Sulekha anajua nimeanza wizi. Nikasema nilikuwa nalipangusa vumbi. Akauliza: kwa tumbo? Nikasema ndiyo, kwa tumbo. Halafu akanipa! Bure! Akasema nichukue tu, kwa kicheko nilichomletea wiki hii yeye ndiye mdaiwa.

Sijawahi kutukanwa hivi. Nimelichukua.

Jumatatu, 16 Septemba

Imekubali.

Naandika tena: imekubali. Kioo cheusi, herufi moja, na kimstari kidogo kinachopepesa. Basi. Hakuna picha wala muziki, haitaki jina lako wala namba ya simu. Inasubiri tu, kama mwenye nyumba aliyefungua mlango na kusimama pembeni ili upite. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na nilikuwa nimesahau kwamba ilianza hivi.

Nimemwita Gobardhan. Kwanza tulinakili disketi yake kwenye diski ya ndani ya mashine, kisha tukaita programu. Tausi akaanza kujichora, nukta kwa nukta, kutoka mkiani. Gobardhan akavua ndala. Manyoya, kifua, shingo. Ilipofika kichwani akanong'ona: “Subiri jicho. Marehemu baba aligombana na mchoraji siku nzima kwa ajili ya jicho hilo.” Nukta moja ikawaka. Tausi akatutazama.

Haradhan alikuwa mlangoni, amekuja kucheka, mdomo wazi. Akasahau alichokuja kufanya.

Nikataka tulete mashine ya kutobolea kadi kesho asubuhi. Gobardhan akanishangaa: “Kesho? Siku ya Vishwakarma? Kaka, hata mkasi wa mke wangu kesho haukati uzi.” Kweli. Keshokutwa, basi.

Jumanne, 17 Septemba

Sikukuu ya Vishwakarma, Bwana wa mafundi. Mji mzima hakuna nyundo inayolia. Zana zote zimeoshwa, zimevishwa maua, zimepumzika. Kuhani amekuja, amesoma, ameipaka mashine yangu nukta ya liwa na unga mwekundu kwenye paji la uso. Ilipendeza kama bibi harusi.

Kwa mtu mwenye akili, ingetosha.

Kuhani alipoondoka nikawaza: hii si zana ya kawaida. Imebeba familia ya mtu. Na kazi yenyewe inafanyika ndani, si kwenye bati. Nikafungua kifuniko. Nikaleta chupa yetu ya maji matakatifu ya mto Ganga. Sulekha akasema kutoka jikoni: “Baba, nje panatosha!” Nikanyunyiza. Nikaona machache. Nikaongeza. Punje za mchele pia, na shada la maua, zuri kabisa, juu ya feni.

Nilifanya kwa moyo mweupe. Naomba liandikwe hivyo.

Jumatano, 18 Septemba

Nimebonyeza. Kimya.

Gobardhan alifika na mashine ya kutobolea juu ya baiskeli ya mizigo, ameifunika kwa shuka kama mgonjwa. Nikamwambia Bwana wa mafundi bado amepumzika. Akaitazama mashine, akaona maji yanadondoka mezani. Laiti angenitukana! Amesema tu atauliza bei ya tiketi ya Surat.

Jumatatu, 23 Septemba

Ushindi! Banda la chai limenisikiliza kwa nusu saa nikieleza nilivyofanya “urekebishaji wa kitaalamu wa unyevu”. Wamenipa sambusa.

Hapa nitaandika yaliyotokea kweli.

Alhamisi nilitoka kwenda kumwambia Gobardhan akate tiketi. Nilifika kwake, nikasikia mtambo uko kimya, nikapita. Nikarudi, nikapita tena. Mwishowe nilijificha nyuma ya hekalu, na Ijumaa tena, mwoga kama nilivyo. Sulekha ndiye aliyeng'oa bodi zote, akazipanga juani juu ya paa kati ya machupa yake ya achari, akatoa mchele kwa sindano. Ijumaa jioni akazirudisha kwa kufuata rangi za nyaya, akawasha, akaenda mwenyewe kumwita Gobardhan. Mimi niliambiwa na Haradhan. Alikimbia kunitafuta, hana kiatu kimoja, akipiga kelele kwamba tausi amerudi.

Jumamosi na Jumapili tulitoboa kadi, na leo tajiri alipofika, mtambo ulikuwa unagonga. Tulikaa kwa Gobardhan, sote, tukimtazama tausi akipanda uzi kwa uzi, wa hariri sasa. Tajiri aligusa jicho kwa kidole kimoja na akaacha malipo ya awali. Gobardhan haendi popote. Haradhan alifuta macho akasema ni vumbi. Nami pia nilikuwa na vumbi.

Bado kadi za ncha ya sari. Tunazitoboa kesho.

Mashine inakwenda vizuri ajabu. Ila upande wa kushoto inatoa mlio mdogo. Mlio mzuri tu, hauna ubaya. Ningependa kujua unatoka wapi. Sulekha amekwenda kwa dada yake mpaka jioni. Bisibisi ninayo.